Mbegu au kipando? Ulinganisho wa kukusaidia kuchagua, zao kwa zao

Mvua zinapokaribia, kila anayeanzisha shamba hukutana na swali hili: nipande mbegu, au nitafute kipando? Anayetaka miembe huambiwa na mmoja aokote makokwa sokoni kwa kuwa ni ya bure, na mwingine humwambia anunue mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa na kijiti cha mti mwingine. Anayetaka muhogo hukatiwa pingili kwa jirani, akapanda kesho yake bila kuuliza zimetoka kwenye shina gani. Mwenye ng'ombe wa maziwa hujiuliza kama ampeleke kwa dume la kijijini au amwite mtaalamu wa uhimilishaji, anayeingiza mbegu ya dume kwa mrija. Yote hayo ni maswali ya uzazi: kiumbe kipya kitokane na wazazi wawili waliochanganya vinasaba vyao, au kiwe nakala ya mzazi mmoja?

Nitangulize msimamo wangu. Ukishapata mti au aina unayoiamini, inakili. Usiirudishe kwenye mbegu ukitarajia itoke vile vile. Ila nakala haibagui. Inachukua utamu wa mama na maradhi ya mama kwa pamoja, kwa hiyo anayechagua kipando amechagua pia kazi ya kukikagua. Na mbegu, pamoja na usumbufu wake wote, ndiyo inayoleta kitu ambacho hakijawahi kuwapo shambani kwa mtu yeyote.

Kinachofanyika ndani

Mbegu ni matokeo ya jinsia mbili. Chavua hutoka kwenye sehemu ya kiume ya ua, hufikishwa na upepo, nyuki au mkono wa mtu kwenye sehemu ya kike, kisha huteremka hadi kwenye yai. Nusu ya vinasaba ni ya baba, nusu ni ya mama, na kila nusu imechanganywa upya kabla ya kutolewa. Ndiyo maana mbegu mbili za tunda moja zinaweza kuota miti isiyofanana.

Kipando hakipiti huko. Pingili ya muhogo au ya muwa, rando la kiazi kitamu, chipukizi la mgomba au la nanasi, tunguu la tangawizi: hivyo vyote ni vipande vya mwili wa mmea mama, na seli zake zinaendelea kugawanyika kana kwamba hazikukatwa. Ekari moja ya muhogo wa aina moja, iliyopandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, ni mashina kama 4,000. Kwa hesabu ya vinasaba huo ni mmea mmoja tu, umesimama mahali 4,000.

Kwa wanyama mambo ni finyu zaidi. Wapo wanaozaa bila dume: vidukari wa kwenye kabichi na maharage, majike wao huzaa majike wenzao wakiwa hai, siku baada ya siku, ndiyo maana shamba huvamiwa haraka hivyo. Malkia wa nyuki akitaga yai lisilorutubishwa hutoka dume, na lililorutubishwa hutoka jike. Mwaka 2006 wanasayansi walithibitisha kwamba mjusi jike wa Komodo katika bustani ya wanyama ya Chester, Uingereza, alitaga mayai yenye watoto ndani bila kupandwa na dume. Lakini ng'ombe, mbuzi na kondoo wetu hawana mlango huo. Kwao nitafika mwishoni.

Muda, ufanano, mzigo na maradhi

Kwenye muda, kipando kinashinda bila ubishi. Mwembe uliotokana na kokwa huchukua miaka mitano hadi saba au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Wa kubebesha huanza kuonyesha matunda mwaka wa tatu. Sababu yake ni kwamba kikonyo, yaani kile kijiti cha ncha kinachobebeshwa juu ya mche mchanga, kimekatwa kwenye mti uliokwisha kukomaa. Tishu zake zimepita utoto tayari. Mche wa mbegu lazima uupitie.

Ufanano nao ni wa kipando. Mnunuzi wa parachichi za kusafirisha nje anataka kila tunda liwe na ngozi ile ile na mafuta yale yale, na shamba la miti ya mbegu haliwezi kumpa hilo hata likitunzwa vipi.

Kwenye mzigo na uhifadhi, mbegu inarudi mbele. Gunzi moja la mahindi lina punje mia kadhaa. Zikaushe, zikae mwaka mzima kwenye chombo kisichoingiza unyevu, na utabeba mbegu ya ekari nzima kwa mkono mmoja. Shina moja la muhogo hutoa pingili kama kumi tu, ni nzito, zinakauka na zinataka kupandwa ndani ya siku chache. Aina mpya ya mahindi inaweza kuenea mkoa mzima kwa misimu michache. Aina mpya ya muhogo husubiri miaka.

Jambo linaloumiza watu zaidi ni maradhi. Virusi vingi haviwezi kupita kutoka kwa mama hadi kwenye mbegu, kwa hiyo kwa mazao mengi mbegu humwanzisha mtoto akiwa msafi. Kipando hakina kichujio hicho. Tena nakala zote zina kinga ile ile na udhaifu ule ule: ugonjwa ukipata njia ya kuingia kwenye mmoja, umepata njia ya kuingia kwenye yote. Mwaka 1845 Ireland ilikuwa imetegemea mno viazi vya aina moja, Lumper, vilivyopandwa kwa viazi vyenyewe mwaka baada ya mwaka. Ugonjwa wa ukungu uliingia, na katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi yaliyofuatana nayo. Viazi pekee havikuwa chanzo cha msiba ule. Siasa na umaskini vilikuwa na sehemu yao. Lakini shamba lisilo na tofauti ndani yake liliurahisishia ugonjwa kazi.

Embe: kabla ya kuamua, fungua kokwa

Watu husema embe ya kokwa "hubadilika". Ni kweli kwa aina fulani, na si kweli kwa nyingine, na unaweza kujua mwenyewe kwa kisu.

Chukua kokwa la embe uliyokula leo, lisafishe nyuzi, kisha lipasue ukingoni taratibu hadi lifunguke. Itoe mbegu laini iliyomo na umenye kile kigozi cha kahawia. Ikiwa ni kitu kimoja chenye nusu mbili zinazolingana, una kiinitete kimoja, yaani mmea mchanga mmoja, nacho kimetokana na chavua na yai. Mche wake hautakuwa sawa na mama. Ikiwa imegawanyika vipande vingi vilivyobanana kwa mikunjo, kila kimoja kikiwa na ncha yake ya kuotea, hapo una viinitete vingi, na vingi kati ya hivyo, pengine vyote, vimechipuka kwenye tishu za mama bila baba yeyote kuhusika. Vikipandwa vinatoa miche miwili, mitatu hata minne kutoka kokwa moja. Ile yenye nguvu mara nyingi huwa ni nakala za mama, na ule mnyonge mara nyingi ndiye mtoto wa kweli wa jinsia.

Kwa hiyo kuna miembe inayojinakili kupitia mbegu. Aina nyingi zenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki ziko hivyo. Zenye asili ya India, kama Alphonso, na zile za Florida zinazouzwa sana nje, Tommy Atkins, Kent na Keitt, zina kiinitete kimoja. Hizi usizipande kwa kokwa kamwe kama unalima kwa ajili ya soko; nunua za kubebesha.

Michungwa na malimau wana tabia hiyo hiyo ya viinitete vingi, na wenye bustani za miche wanaitumia kwa faida: limau kali huoteshwa kwa mbegu ili kupata miche ya chini iliyo sawasawa, kisha chungwa hubebeshwa juu yake. Kubebesha ni ndoa ya njia zote mbili, na mimi huiona kuwa ndiyo kazi nzuri kuliko zote katika kilimo cha miti. Chini kuna mche wa mbegu, wenye mzizi mkuu unaokwenda chini kutafuta maji. Juu kuna nakala ya mti unaojulikana. Mche wa chini ukifikia unene wa penseli unakatwa kichwa na kupasuliwa katikati, kikonyo kinachongwa kabari pande mbili, kinaingizwa kwenye mpasuko ili ganda liguse ganda angalau upande mmoja, kisha panafungwa kwa mkanda wa plastiki. Ndani ya wiki tatu au nne macho ya kikonyo huanza kufumuka. Ukiona yamesinyaa na kuwa meusi, kazi imeharibika. Mche wa chini ukichipua tena unaweza kubebeshwa upya.

Parachichi: mti mmoja wa mbegu uliojaza dunia

Parachichi aina ya Hass yote iliyopo Njombe, Rungwe, Murang'a na kwingineko duniani imetokana na mti mmoja. Rudolph Hass, tarishi wa posta wa California, aliotesha mbegu ya parachichi mwaka 1926, akajaribu kuibebesha aina nyingine, ikagoma. Mti ukaachwa ukue, ukazaa matunda yenye ngozi nene inayogeuka nyeusi yakiiva, naye akaupatia hataza mwaka 1935. Mti mama uliugua mizizi na kukatwa mwaka 2002, lakini vikonyo vyake vilikwisha kusambaa.

Habari hiyo inaeleza vizuri kazi ya kila njia. Mbegu ndiyo iliyoleta Hass, kwa bahati nasibu. Kubebesha ndiko kulikoihifadhi. Ukipanda leo mbegu ya tunda la Hass unairudia bahati nasibu ile, na wengi wanaoicheza husubiri miaka saba au kumi kupata tunda ambalo hakuna wa kulinunua.

Hata hivyo, mti wa nakala bado unahitaji jinsia ili uzae. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa la kike, linafumba, kisha linafunguka tena likiwa la kiume. Hass hufungua maua ya kike asubuhi, na siku ya pili maua yale yale hufunguka mchana yakiwa ya kiume. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, hufanya kinyume, ya kike mchana na ya kiume asubuhi. Ukichanganya Fuerte chache ndani ya Hass, chavua inapatikana kwa saa ambayo upande wa pili unaisubiri, na nyuki wanafanya mengine. Kwa anayepanda shamba kubwa ningeshauri sana asipande aina moja tupu, na asimwage dawa ya wadudu wakati wa maua.

Muhogo: hapa ukaguzi ndio kila kitu

Muhogo unachanua na kutoa mbegu, lakini mkulima hana haja nazo. Miche ya mbegu inatofautiana mno na huchelewa kujenga mizizi. Pingili ndiyo njia. Swali ni pingili ya wapi.

Magonjwa mawili yanasafiri ndani ya pingili. Batobato unaonekana kwa macho: majani yamekunjamana, yana mabaka ya njano, mmea umedumaa. Michirizi kahawia ni mjanja zaidi. Mmea unaweza kuonekana mzima kwa mbali. Ukikaribia unaona majani ya chini yana umanjano kando ya vishipa, na shina bichi lina michirizi ya kahawia. Ukingoja hadi kuvuna, unakata muhogo mnene, mweupe kwa nje, na ndani kuna mabaka makavu ya kahawia ambayo hata ng'ombe huyaacha. Inzi weupe husambaza magonjwa haya shambani, lakini anayeyasafirisha kutoka wilaya hadi wilaya ni mtu mwenye mzigo wa vipando juu ya baiskeli.

Kwa hiyo chagua mashina ya kukata wakati shamba bado lina majani, usisubiri siku ya kuvuna. Weka alama kwenye mashina safi. Ng'oa machache, katakata mizizi yake vipande vya inchi moja moja na utazame ndani. Mashina yawe na umri wa miezi minane hadi kumi na miwili, ukate sehemu ya katikati, urefu wa sentimita 20 hadi 30, macho matano hadi saba. Utomvu mweupe utoke mara kisu kinapopita. Shina lisilotoa utomvu limekauka, liache. Mwenye uwezo anunue vipando vilivyothibitishwa: Tanzania vinakaguliwa na taasisi ya serikali ya TOSCI, Kenya na KEPHIS.

Na tusidharau mbegu ya muhogo mikononi mwa watafiti. Ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa na H. H. Storey mwaka 1936, akiwa katika kituo cha Amani, Milima ya Usambara. Pale pale, kuanzia miaka ya 1930, watafiti waliuchanganya muhogo na ndugu zake wa mwituni, ukiwamo mpira wa Ceara, wakitafuta ukinzani. Uzao wa michanganyo ile ulifika Nigeria, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, IITA ya Ibadan, ikaujengea juu yake, na aina kinzani zikasambaa Afrika nzima. Nakala zilikuwa zimekwama. Chavua ndiyo iliyofungua njia.

Mgomba: nakala dhidi ya nakala

Ndizi zetu za kula hazina mbegu kwa sababu migomba yake mingi ina seti tatu za vinasaba, na tatu haigawanyiki kwa mbili sawasawa pale chavua na yai vinapotengenezwa. Uchaguzi hapa ni kati ya chipukizi la shambani na mche wa tishu ulioanzishwa maabara.

Chipukizi ni bure. Chagua lile lenye majani membamba yaliyochongoka, lililoshikamana na kitako kinene cha mama; lenye majani mapana likiwa bado fupi halina nguvu. Limenye kitako chote hadi kionekane cheupe, ukitupa sehemu zenye mashimo ya fukusi na madoa ya minyoo, kisha litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Kazi hii ndogo inaua mayai ya fukusi na minyoo ya mizizi kwa gharama ya kuni tu, na inasikitisha kuona ni wachache wanaoifanya.

Maji ya moto hayaondoi mnyauko. Mnyauko wa bakteria uliingia Uganda mwaka 2001 na kufika Kagera mwaka 2006, na ule wa ukungu uitwao TR4, unaoua ndizi aina ya Cavendish, uligunduliwa Msumbiji mwaka 2013. Katika eneo lenye mnyauko, au unapoanzisha shamba jipya la kibiashara, lipia mche wa tishu kutoka maabara inayoaminika. Unataka maji na uangalizi zaidi miezi ya mwanzo, lakini unaanza safi na migomba inakwenda pamoja hadi kuvuna. Wanaotaka ndizi za kupika wafuatilie pia chotara za NARITA, zilizozalishwa na shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, NARO, pamoja na IITA kwa kuchavusha migomba ya nyanda za juu, ile michache inayokubali kutoa mbegu, kwa migomba ya mwituni.

Mpapai na mnazi: mbegu, lakini kwa akili

Mpapai kwa kawaida huanzishwa kwa mbegu, na tatizo lake ni jinsia yenyewe: kuna midume, majike, na yenye maua ya jinsia zote mbili. Huwezi kuitofautisha kwenye mche. Hata hivyo unaweza kupunguza hasara kwa kuchagua tunda la kutolea mbegu. Papai la mviringo limetoka kwenye mti jike; kama lilichavushwa na dume, karibu nusu ya mbegu zake zitakuwa midume. Papai refu limetoka kwenye mti wa jinsia mbili. Likijichavusha lenyewe, theluthi mbili ya miche itakuwa ya jinsia mbili na theluthi moja majike, bila dume hata mmoja. Nafuu basi ni papai refu. Acha miche mitatu kwenye kila shimo, subiri maua, kisha bakiza mmoja. Dume utamjua kwa maua madogo mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. La kike limekaa karibu na shina na limevimba chini.

Mnazi nao ni wa nazi tu. Mnazi mrefu wa pwani huchavushwa na minazi mingine, kwa hiyo chagua nazi kutoka kwa mti mama uliozungukwa na minazi mizuri, si mti mzuri uliosimama peke yake kati ya mibovu.

Mahindi na maharage

Anayeweka akiba ya mbegu nyumbani ajue kwamba mbegu zote si sawa. Mahindi huchavushwa kwa upepo kutoka shamba hadi shamba. Mahindi chotara, tangu aina ya H611 iliyotolewa Kitale mwaka 1964, yanapata nguvu yake kwa kukutanisha wazazi walio mbali kinasaba. Ukipanda punje za mavuno yake nguvu hiyo inashuka, na mimea inatoka mirefu kwa mifupi. Chotara hununuliwa kila msimu. Usipoweza kununua, panda mbegu za kawaida zinazochavuka huria, kama Staha au Situka, ambazo unaweza kuchagua na kurudia. Maharage na mpunga hujichavusha ndani ya ua kabla hata halijafunguka vizuri, kwa hiyo mtoto hufanana na mama. Ni uzazi wa jinsia, lakini kwa mkulima matokeo yake yako karibu na nakala.

Mkonge na mwani

Mkonge ulifika Tanganyika mwaka 1893. Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyofika vikiwa hai na kupandwa Pangani vilikuwa 62 tu. Mkonge hukua ukatoa mlingoti mara moja, na juu ya mlingoti ule huota vichipukizi vidogo vilivyo tayari kupandwa, nakala tupu. Tasnia nzima ilisimama juu ya mimea hiyo 62, hadi kituo cha Mlingano, Tanga, kilipochavusha aina tofauti za mkonge na kupata chotara 11648, yenye majani mengi zaidi ya ule wa awali.

Mwani wa Zanzibar unapita njia hiyo, ila bado haujafika mwisho wake. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani kwa mbegu kutoka Ufilipino, na kinachoitwa mbegu ni kipande cha mwani kilichofungwa kwenye kamba. Kila baada ya wiki kama sita unavunwa, kipande kinabakizwa, kinafungwa tena. Cottonii, wenye bei nzuri, umekuwa ukifa maji yanapopata joto, na akina mama wengi wamebaki na spinosum wa bei ndogo. Kwa anayechagua leo: kwenye maji ya kina kifupi yanayochemka jua likiwa kali, panda spinosum, cottonii jaribu kwenye kina kirefu zaidi, na ubadilishe mbegu unapoona vipande vinageuka vyeupe na kukatika. Natamani sana kuona watafiti wetu wakizalisha mwani kwa jinsia kutoka aina za mwituni za bahari hii, kwa sababu miaka thelathini na zaidi ya kukata kipande kile kile ni mingi.

Mifugo: unachagua baba tu

Kunakili mnyama kunawezekana maabara. Kondoo Dolly alizaliwa Scotland mwaka 1996, mmoja aliyefanikiwa kati ya mayai 277 yaliyotengenezwa. Kwa mfugaji wa kawaida hilo halimo. Chaguo lake ni dume au mrija.

Dume ana sifa moja kubwa: anajua mwenyewe ng'ombe yupi yuko kwenye joto, hata usiku wa manane. Lakini anakula gharama mwaka mzima, anaweza kubeba magonjwa ya kutupa mimba kutoka zizi hadi zizi, na akikaa zaidi ya miaka miwili au mitatu anakutana na binti zake. Uhimilishaji unakuletea mbegu ya dume aliyepimwa kwa maziwa ya binti zake, iliyohifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi joto -196 za Selsiasi. Tanzania kituo cha taifa kiko Usa River, Arusha. Sharti lake ni macho yako. Ng'ombe hurudi kwenye joto kila siku 21 hivi. Akionekana asubuhi anasimama kimya akipandwa na wenzake, ahimilishwe jioni. Akionekana jioni, asubuhi ya kesho. Ukichelewa siku nzima umelipa bure. Na mtamba mdogo wa kienyeji usimhimilishe kwa mbegu ya Friesian mkubwa. Anza na Jersey, ndama atoke bila mama kuumia.

Kwa mwenye ng'ombe wawili au watatu karibu na mtaalamu anayefika kwa simu, uhimilishaji. Kwa mwenye kundi malishoni, mbali na barabara, dume bora aliyenunuliwa nje ya kijiji na kubadilishwa kwa wakati.

Ukifika bustanini

Unaponunua mche wa kubebesha, uliza mti mama uko wapi, na kama uko karibu omba kuuona una matunda. Tafuta kovu la kiungo: liwe limefunga vizuri, na majani yote yatoke juu yake. Yakitoka chini ya kovu, utapalilia limau kali ukidhani ni chungwa. Inua mche utazame mizizi. Iliyojiviringa chini ya mfuko imekaa siku nyingi mno na haitanyooka tena ardhini. Na ukipewa pingili au marando bure, shukuru, kisha omba upitishwe kwenye shamba yalikokatwa kabla hujayafunga kwenye baiskeli.